Nyumba Zilizofutwa Alama

4 Machi

Halmashauri imezindua Mpango wa Kukabili Mabadiliko ya Tabianchi. Tulikuwa na turubai, maji ya chupa na hotuba zisizo na breki. Afisa aliyetoka mkoani alisema vita hivi tutavishinda au tutavishindwa huko huko kwenye kata. Watu wakapiga makofi. Nikageuka huku na huku kumtafuta huyo kata ni nani, kumbe ni mimi mwenyewe: mtendaji mmoja, meza moja, na kiti kinachoyumba. Mkoa umetoa tamko, halmashauri imetoa bango, sisi tutatoa jasho.

Kwetu maana ya mpango ni moja tu. Nyumba zote za bondeni, kando ya kijito, zihame kabla mvua kubwa haijakolea, na wenyewe wapewe viwanja kule juu karibu na machimbo ya zamani ya kokoto. Mkoa unasema mvua ya safari hii haina mzaha, na bonde litajaa.

Kaka yangu anaishi bondeni, na mama anaishi kwa kaka. Hilo halikuwemo kwenye hotuba.

7 Machi

Mhandisi mpya ameanza kupima. Ni kijana mwembamba mwenye buti safi, anayezungumza na kifaa chake zaidi kuliko na watu. Mtaa umeshambatiza Bwana Mstari, kwa sababu amechora mstari kwenye ramani na anasema kila kilicho chini ya mstari kitafikiwa na maji. Nilimuuliza ana hakika gani. Akasema, "Maji hayana siasa, mama." Nikamwangalia ndevu zake, nikajiuliza huyu ningemzaa lini.

10 Machi

Kwa kuwa ramani hakuna anayeisoma, wameamua kila nyumba iliyo chini ya mstari ipigwe alama ya X kwa rangi nyekundu mlangoni. Mwenye alama atahama na atapata kiwanja. Tumeshinda bondeni tukipaka.

Diwani wetu alifuatana nasi. Huyu anaitwa Tutaona, maana ukimuuliza chochote, kuanzia taa za barabarani hadi zahanati, jibu ni hilo hilo. Mbele ya mhandisi alisema kuhama ni lazima. Mhandisi akishatangulia, anashika mkono wa mwenye nyumba na kumnong'oneza kwamba yeye binafsi hakupenda. Anauma na kupuliza, na uchaguzi ni mwakani.

Kaka alisimama mlangoni, mikono kifuani. Nyuma yake makochi yalikuwa yamepangwa hadi ukutani, mengine bado mbao tupu.

"Unaniandikia X, mdogo wangu?"

"Si mimi, kaka. Ni mhandisi."

"Na brashi kashika nani?"

Nilikuwa nimeishika mimi, kwa sababu Bwana Mstari alikuwa anakunja ramani. Baba alipotutoka, kaka aliacha shule akaingia ufundi ili mimi niendelee kusoma. Kila ninachokijua kilitoka kwenye yale makochi. Nilipaka ile alama haraka haraka kama mtu anayeiba.

13 Machi

Alama zimezaa. Nimepanda mtaa wa juu, ambako maji hayajawahi kufika tangu dunia iumbwe, nikakuta X mlango kwa mlango. Wapangaji wamesikia habari ya viwanja, wakanunua rangi, wakajipaka wenyewe. Dukani nyekundu imekwisha. Choo cha shule kina X. Hata mwenye ghorofa ya kando ya barabara amejipaka, na nilipomuuliza alijibu bila haya, "Na mimi maji yananitisha, mtendaji." Nilicheka njia nzima.

Nilipofika bondeni kicheko kilikatika. Huko alama zimefutwa. Wenye vyumba vya kupangisha wamefuta wasikimbiwe na wapangaji, na wenye biashara wamefuta wasikimbiwe na wateja. Mlango wa kaka unanuka thina ya kuondolea rangi. Pale penye X pamebaki weupe, umesuguliwa hadi mbao inaonekana.

"Nani atanunua kochi kwenye nyumba iliyohukumiwa?" akaniuliza.

"Utapewa kiwanja juu."

"Juu kuna barabara? Kochi nitalipandisha kichwani?"

Barabara ya kule juu halmashauri inasema ni ya mkoa, na mkoa unasema ni ya halmashauri.

18 Machi

Manyunyu tu. Nguo hazikauki.

20 Machi

Nimempelekea Fundi Viatu kandambili za ofisini, ila ukweli nilitaka kuona mlango wake. Umefutwa pia. Anakaa upande wa kulia wa daraja, ukitazama kijito kinakoelekea. Ile ndiyo nyumba ya chini kuliko zote, chini hata ya kaka anayekaa kushoto. Mguu wake mmoja ni mfupi na mwembamba tangu utotoni. Kazi yake anaifanya humo humo ndani, na mkewe anauza mboga sokoni.

"Shikamoo, Serikali," akasema. Ni mkubwa kwangu, lakini ndivyo anavyonitania.

"Acha hizo. Alama iko wapi?"

"Imeoga."

Nilimweleza yote: mstari, mvua, kijito. Alinisikiliza huku akivuta uzi kwa meno. Kisha akasema, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi langu lilishaharibika zamani, sasa mnitishe na nini?" Nilijaribu kukasirika nikashindwa.

Nilipoaga ndipo aliposema la maana. "Mtendaji, mimi si mbishi. Siku kaka yako akipandisha makochi yake juu, kesho yake nafunga mizigo. Yeye ndiye mwenye dada serikalini. Kama kuna hatari ya kweli, atakuwa wa kwanza kuambiwa."

Ndivyo wanavyofikiri wote huku chini. Hawaangalii ramani wala mbingu, wanamwangalia kaka.

24 Machi

Kikao cha halmashauri. Saa nzima imeliwa na ubishi kuhusu katapila la kuzibua kijito. Katapila ni la mkoa, mafuta ni ya halmashauri, dereva ni mgonjwa. Barabara ya viwanja imeahirishwa tena. Tutaona alisema tutaona.

Mwishoni Bwana Mstari alinigeukia. "Mtendaji, za juu najua wamejipaka, tutazichambua. Za bondeni zipo salama?"

Nikasema, "Zipo."

Limenitoka kirahisi hivyo. Nataka nijieleze kwa nini. Ningesema zimefutwa, angeuliza nani kafuta, na wa kwanza ni kaka. Angetolewa kwa nguvu, na mama angesema nimemuuza mwanawe. Na kama ningemhangaikia apate kiwanja kizuri mapema, mtaa ungesema mtendaji analisha ukoo wake. Nikaona heri ninyamaze, nimbembeleze taratibu, kisha wengine watamfuata. Na kwa kuwa nimeficha mlango wake, siwezi kutaja hata mmoja wa wengine, kwa sababu wataniambia nianze na wa kwetu.

29 Machi

Mvua.

30 Machi

Mvua. Dari ya ofisi inavuja juu ya mafaili, nimeweka ndoo.

2 Aprili

Nimekwenda kumwona mama. Magoti yamemvimba kwa baridi, anatembea kwa kushika ukuta. Redio yake ilikuwa inatangaza mvua, akaizima ili anisute vizuri.

"Wewe si ndiye serikali? Mwamrishe."

"Mama, nimwamrishe kaka?"

"Mimi niliyemzaa nimeshindwa. Jaribu wewe mwenye mhuri."

Wifi alinisindikiza hadi darajani. Ni mtu wa maneno machache, na huwa naona kama hanipendi. Alisimama akatazama maji, yamepanda hadi kwenye mawe ya kufulia.

"Wifi, niambie kweli. Yatafika?" akaniuliza.

"Yatafika."

"Basi mwambie kaka yako."

"Nimemwambia, hasikii."

"Umemwambia kama mdogo wake, ukiwa umeinama. Mwambie kama mtendaji."

Nimerudi nyumbani na maneno hayo. Mbele ya kaka mimi bado ni mtoto wa kununuliwa sare, na nafikiri napenda kuwa hivyo.

6 Aprili

Familia chache zimehamia juu. Hakuna maji, hakuna choo, udongo unanata hadi unavua viatu. Mbili zimesharudi bondeni, na waliorudi wanasimulia, na kila wakisimulia kaka anatikisa kichwa kama wakili aliyeshinda kesi.

Ajabu ni kwamba niliyemkuta juu ni Tutaona. Alikuwa chini ya turubai, suruali imekunjwa, anagawa maji ya mapipa kutoka kwenye gari lake mwenyewe. Hakuna mpiga picha wala mpambe. Nikadhani kuna kampeni. Aliponiona alisema, "Mtendaji, mimi ndiye niliyewaambia wasihame, na hawa ndio walionipuuza. Nimeona haya." Nimemdharau huyu mtu kwa miaka, na leo nilimsaidia kushusha pipa.

Anaahidi kuwafuata wa mkoani mpaka katapila lije. Hakusema tutaona.

9 Aprili

Mvua usiku na mchana. Nimefika kwa kaka nikiwa nimejiandaa kusema kama mtendaji. Nilimkuta anapigilia kochi la harusi ya mtu, anapiga mluzi. Akaniuliza kama nimekula. Nikala, nikaondoka.

11 Aprili

Kijito kimebadilika rangi. Hakuna anayefulia tena.

16 Aprili

Sikuweza kuandika siku mbili. Naandika sasa yote yaliyotokea tarehe kumi na nne, kwa sababu nikiyaacha nitayapamba.

Asubuhi mkoa ulipiga simu: huko juu milimani imenyesha mfululizo, maji yanashuka, watu watolewe mara moja. Nilimpigia kaka. Akasema maji bado yako chini ya daraja. Nikampigia tena, simu haikupokelewa. Nilituma gari la vipaza sauti likazunguka bondeni, na baadhi walitoka na magodoro kichwani. Wengi walisimama milangoni wakimwangalia kaka, na kaka alikuwa anainua makochi kuyaweka juu ya matofali.

Kikosi cha uokoaji cha mkoa kilifika na lori na boti moja ya mpira. Si watu wa hapa. Bwana Mstari alikuwa amewaelekeza kwa simu tangu wakiwa njiani: fuateni milango yenye alama nyekundu, hao ndio walio hatarini. Wakafuata. Wakapanda mtaa wa juu na boti yao, mlango kwa mlango, wakigonga kwa watu wanaokunywa chai. Mwenye ghorofa waliyemkuta barazani, miguu mikavu, ndiye aliyewaambia kwa aibu kwamba nyumba zenyewe ziko chini. Wakati huo maji yalishavuka daraja.

Mkuu wao akaingia ofisini kwangu, ametapakaa tope hadi kiunoni. Dirisha langu linatazama bonde. Aliuliza haraka, bila salamu.

"Mama, alama zinatupoteza. Huku chini hakuna hata moja. Boti ni moja. Sema wewe, wapi kwanza?"

Nilikuwa najua. Sikuhitaji ramani. Kulia kwa daraja, nyumba ya chini kuliko zote, mtu wa mguu mmoja mzima. Ndipo mahali pa kuanzia, hata mtoto angesema hivyo. Akilini nilimwona mama akishika ukuta.

Nikasema, "Kushoto. Kwa fundi makochi. Kuna mama mzee ndani."

Wakaenda kushoto. Niliwaona kutoka dirishani wakimpitisha mama dirishani kama mzigo, kisha wifi. Kaka hakutaka kuacha makochi, wakamvuta kwa shati. Boti ikarudi na watu watatu, ikawashusha, ikageuka kwenda kulia. Ilipofika katikati, ukuta wa Fundi Viatu ulilala. Haukupiga kelele niliyoitegemea. Ulilala tu, na bati likakaa juu ya maji, likaondoka.

Tutaona alikuwa ameshajitosa upande ule na kamba kiunoni, watu wakimshikilia kutoka barabarani. Alifika karibu na dirisha kabla ukuta haujaanguka. Walimvuta akiwa amechanika viganja, analia waziwazi mbele ya wapiga kura wake wote. Fundi Viatu tulimpata alasiri, maji yalipopungua, kwenye nguzo za daraja. Katika bonde zima ni yeye peke yake aliyekufa.

18 Aprili

Tumezika. Mvua ilikatika wakati wa kuzika, ikaendelea baadaye.

20 Aprili

Kikao cha tathmini. Mkoa umesema onyo lilitolewa kwa wakati. Halmashauri imesema mpango ulikuwepo. Wote wakaitazama kata. Kabla sijafungua mdomo, Bwana Mstari alisimama na buti zake, sasa zimepasuka, akasema wazo la alama lilikuwa lake na lawama ni yake.

Nilimkuta nje kwenye ngazi.

"Uliniambia zipo," akasema. Hakuwa na hasira.

"Nilikuambia."

"Ningejua zimefutwa, nisingewaambia wafuate alama."

Nilirudi ndani nikamweleza mkurugenzi kila kitu: kaka, thina, uongo wangu, na jibu nililompa mkuu wa kikosi. Alifunga faili. Akasema mkoa umeshapokea taarifa, tusichanganye mambo, na niende nikapumzike. Nilitaka anifukuze. Nimetoka na kazi yangu mkononi na sijui nifanye nayo nini.

22 Aprili

Katapila limeanza kuchonga barabara ya viwanja vya juu. Dereva amepona, mafuta yamepatikana, na ubishi wa mkoa na halmashauri umekwisha bila mtu kueleza uliishaje. Nilisimama kando nikiliangalia linavyokwangua udongo kwa urahisi, nikawa na hasira ya kutaka kulirushia mawe.

23 Aprili

Kaka, wifi na mama wamelala kwenye darasa la shule pamoja na wengine. Kaka hana kochi hata moja. Alinisogeza pembeni.

"Nasikia uliulizwa waanze wapi."

"Niliulizwa."

"Ulifanya vizuri, mdogo wangu. Mama angekufa."

Alinishika bega. Maisha yangu yote nimetafuta kaka aniambie nimefanya vizuri. Nilimtazama usoni, nikaona mtu aliyechoka, mwenye woga, ambaye angezamisha mama yetu kwa ajili ya mbao na sponji. Nampenda bado. Lakini nilitoa bega langu, na kwa mara ya kwanza nilimwambia kama mtendaji: kesho anahamia juu, kiwanja chochote kitakachobaki, na ataanza kwa kupita kila darasa kuwaambia watu kwamba alikosea. Wifi alikuwa amesimama nyuma yake, akaanza kukunja mashuka.

Ningeyasema haya tarehe tisa, nikiwa na sahani yake mikononi, na leo tungekuwa na Fundi Viatu akitutania kwamba tunamhamisha mlimani na mguu wake.

27 Aprili

Nimekwenda kwa mjane. Amefikia kwa dada yake, chumba kimoja, mkeka na godoro. Niliingia nikatoa pole, nikakaa mlangoni kabisa. Hakulia. Alikuwa anachambua mboga, maana msiba hauzuii soko.

"Watu wanasema mengi," akasema. "Nataka nikusikie wewe. Walipokuuliza waanze wapi, ulijua yumo ndani?"

"Nilijua."

"Na mguu wake ulikumbuka?"

"Niliukumbuka."

Alitupa mabua ya mboga pembeni. Kisha akaniambia kwamba siku ile alimpigia mumewe simu kutoka sokoni. Maji yalikuwa magotini tu. Akamwambia toka sasa, pita ukutani kwa jirani, shika kamba za nguo, utafika barabarani. Mumewe akacheka. Akamwambia asihangaike, mtendaji yupo ofisini, yeye anamwona pale dirishani. Anajua mguu wangu, alisema, mimi ndiye wa kwanza, boti itakuja huku. Nikitoka tutapishana njiani. Akafunga mlango, akakaa juu ya meza ya kazi, akasubiri.

Mjane alilisema hilo bila kupandisha sauti, kama anayemalizia habari aliyoagizwa kuifikisha. Kisha akavuta ungo wa pili akaendelea. Nilikaa pale mlangoni hadi watu wa jioni walipoanza kuja kutoa pole, na hakuna aliyeniambia niondoke.